Kabla ya Kuilaumu Windows, Jua Tatizo Liko Wapi

"Kompyuta yangu haiwaki." Malalamiko hayo yanaweza kumaanisha mambo matano yasiyofanana hata kidogo. Kuna kompyuta isiyowaka kwa sababu umeme hauingii: hakuna taa, hakuna feni, kimya. Kuna inayowasha taa na feni ikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Kuna inayoonyesha nembo ya mtengenezaji ikakwama hapo hapo. Kuna inayofika kwenye vidoti vinavyozunguka vya Windows kisha ikajizima na kuanza upya, tena na tena. Na kuna inayokubali nenosiri lako, halafu ikakuacha na skrini nyeusi yenye kishale cha kipanya peke yake. Mwenye mali atasema zote haziwaki, na hakuna mbili kati ya hizo zinazotengenezwa kwa njia moja.

Marekebisho ya matatizo mengi ya Windows si magumu. Mengi ni ya dakika chache. Kazi iko katika kujua tatizo limekaa tabaka gani: umeme, vifaa, programu ya ubao mama, draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), mfumo wenyewe, programu ulizoweka, au mtandao. Anayeiruka hatua hiyo huishia kunakili amri kutoka kwenye video, akazibandika moja baada ya nyingine. Kompyuta ikipona, hajui ni ipi iliyoiponya. Ikiharibika zaidi, hajui ni ipi iliyoiharibu, na hapo ndipo fundi anayekuja baada yake hukuta tatizo la kwanza limefunikwa na mengine matatu.

Basi maswali ya kuanzia ni mawili tu. Inakwama wapi hasa? Na kitu gani kilibadilika kabla haijaanza kusumbua: sasisho, programu mpya, kifaa kilichochomekwa, umeme uliokatika ghafla, kikombe kilichomwagika? Kwa swali la pili jibu la kwanza huwa "hakuna". Uliza tena taratibu.

Ilipokwama ndipo penye jibu

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kazi hupokezanwa. Umeme hufika kwenye ubao mama kwanza. Kisha programu iliyohifadhiwa ndani ya ubao huo, UEFI kwa mashine za sasa na BIOS kwa zile za zamani, huamsha RAM (kumbukumbu ya kazi), kadi ya picha na kibodi, halafu hutafuta diski yenye mfumo. Ikiipata, huikabidhi kazi Windows Boot Manager, ambayo hupakia kiini cha Windows, sehemu yake ya msingi, pamoja na draiva ambazo bila hizo hakuna kinachoendelea. Kiini huwasha draiva nyingine na huduma, na mwisho kabisa unaona sehemu ya kuingia, eneokazi na programu zinazojiwasha zenyewe.

Hakuna anayeanza kabla aliyemtangulia hajamaliza. Ukiona nembo ya mtengenezaji, ujue umeme, prosesa, kadi ya picha na skrini vimeshapita mtihani wa kwanza. Usipoiona, kuweka Windows upya ni kupoteza siku nzima, kwa sababu Windows haijafikiwa bado. Hapo cha kujaribu ni chaja au kebo nyingine, na skrini ya nje kama kompyuta ni ya mapajani. Kisha chomoa umeme wote, toa betri kama inatoka, na ushikilie kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki kwenye ubao iishe. Jambo hili linaonekana kama ushirikina lakini lina sababu yake: vidhibiti vidogo vya ubao mama huendelea kupata umeme hata mashine ikiwa imezimwa, na vikikwama haviamki mpaka umeme huo uishe. Baada ya hapo ni zamu ya RAM: kompyuta ikiwa imezimwa, toa vipande vyote, rudisha kimoja kimoja na ujaribu kila kimoja peke yake.

Ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia una maana kwamba UEFI imetafuta mfumo ikakosa. Kabla hujaogopa, chomoa flashi zote. Kisha ingia kwenye UEFI, kwa kawaida kwa F2, Delete, F10 au Esc mara tu mashine inapowaka, na uangalie kama diski imeorodheshwa. Ikiwa haimo, hakuna amri ya Windows itakayoirudisha. Ni kebo, ni soketi, au diski imekufa. Ikiwa imo, tatizo liko mbele kidogo, kwenye faili za kuanzia, na matumaini ni makubwa.

Inayozunguka bila kufika popote ndiyo yenye mengi ya kufanya. Windows ikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, yenyewe hufungua mazingira ya uokoaji, ile skrini ya bluu yenye chaguo la Troubleshoot. Isipofungua, unaweza kuilazimisha: vidoti vikianza kuzunguka, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime, rudia, na jaribio la tatu kwa kawaida huishia huko. Ndani yake mna Startup Repair, mna kuondoa sasisho la mwisho, mna kurudisha hali ya zamani kwa System Restore iwapo ilikuwa imewashwa, na mna njia ya kuingia Safe Mode.

Safe Mode huwasha Windows ikiwa na draiva chache za lazima tu. Wengi huingia humo, wakaona kompyuta inafanya kazi vizuri, wasijue la kufanya baada ya hapo. Thamani yake kubwa ni kukupa ushahidi. Tatizo likitoweka ndani ya Safe Mode, mhusika ni draiva au programu inayojiwasha, na unaweza kuiondoa ukiwa humo humo. Likibaki vile vile, washuku vifaa au faili za mfumo wenyewe. Umepunguza nusu ya washukiwa kwa kuwasha upya mara moja.

Mfano mkubwa wa hili ulitokea tarehe 19 Julai 2024. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka na kuzunguka bila kuwaka, na viwanja vya ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi zikasimama. Siku ile skrini zilikuwa za Windows na lawama zikaenda kwa Windows, lakini aliyeziangusha alikuwa faili moja yenye kasoro iliyosambazwa kama sasisho la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike. Draiva ya programu hiyo hupakiwa mapema sana, ndani ya kiini, kwa hiyo ilipojikwaa iliangusha kila kitu. Tiba ilikuwa kuingia Safe Mode au mazingira ya uokoaji, kufungua folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya folda ya draiva, na kufuta faili ambayo jina lake lilianza na C-00000291. Ni kazi fupi sana kwa mashine moja, ila ilibidi mtu aiendee kila mashine kwa miguu yake.

Na wengi waliofika mbele ya mashine walikutana na mlango mwingine: BitLocker, kinga ya Windows inayoisimba diski, ikidai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Hili linakuhusu wewe pia. Kompyuta nyingi zinazokuja na Windows 11 huwa diski yake imesimbwa tangu siku ya kwanza ulipoingia na akaunti ya Microsoft, hata kama hukumbuki kuombwa ruhusa. Siku za kawaida huoni tofauti. Siku ukibadilisha ubao mama, ukasasisha UEFI, au ukafika kwenye uokoaji, utaulizwa ufunguo, na bila huo faili zako hazisomeki na mtu yeyote, fundi awe hodari vipi. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa. Uandike leo kwenye karatasi, wakati kompyuta bado inawaka.

Skrini ya bluu inasema nini

Skrini ya bluu ya ajali, si ile ya uokoaji, ambayo kuanzia 2025 Windows 11 imeigeuza kuwa nyeusi, ni uamuzi wa kiini cha mfumo: kimegundua hali ambayo kuendelea nayo kungeweza kuharibu data, kikaona heri kusimama. Ikitokea mara moja kwa miezi mingi, achana nayo. Ikijirudia, piga picha, kwa maana vitu viwili juu yake vina thamani: jina la msimbo, na jina la faili iliyoshindwa iwapo limetajwa.

Jina la faili ndilo bora zaidi. Ukiona nvlddmkm.sys, hiyo ni draiva ya kadi ya picha ya Nvidia. Majina yanayoanza na rtw mara nyingi ni ya kadi za Wi-Fi za Realtek. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi yenyewe. Au, kama tatizo lilianza baada ya draiva kusasishwa, fungua Device Manager na ubofye Roll Back Driver uirudie ya zamani. Faili moja isikudanganye: ntoskrnl.exe. Hicho ni kiini chenyewe, na kutajwa kwake kunaonyesha tu kwamba kilikuwapo ajali ilipotokea. Kiini huwapo kila ajali.

Msimbo nao husomwa kwa kuulinganisha na wa mara iliyopita. Ukiwa ni ule ule kila mara, fikiria draiva au programu fulani. Ukibadilika kila mara, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa kingine kabisa, anza na RAM: tarakimu zilizohifadhiwa vibaya huweza kumwangusha yeyote anayezisoma, ndiyo maana kila siku anaanguka mwingine. Andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia na uache kipimo cha kumbukumbu kiendeshwe. Kikikuta kosa hata moja, RAM haifai. Kisipokuta, bado usiiachilie huru, maana kipimo hiki si kikali sana. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni taarifa iliyotoka kwa vifaa vyenyewe, kwa hiyo angalia joto, umeme, na kama kuna aliyeongeza kasi ya prosesa kupita kiwango chake. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE maana yake kiini kimeanza kisha kikaikosa diski kilikotoka. Mara nyingi kuna mtu alibadilisha hali ya diski ndani ya UEFI, akaigeuza RAID kuwa AHCI (namna mbili za ubao kuzungumza na diski) au kinyume chake. Irudishe ilivyokuwa kabla hujafanya lingine lolote.

Kwa ajali zilizopita ambazo hukuzipiga picha, watu huelekezwa Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Mimi humwelekeza mtu kwanza kwenye chombo kingine ambacho Windows imekificha bila sababu: bonyeza Windows+R, andika perfmon /rel. Utaona grafu ya siku kwa siku, yenye alama nyekundu palipotokea ajali na alama za taarifa pale programu au draiva zilipowekwa. Ukikuta safu nyekundu zimeanzia Jumatano, na Jumanne yake kuna draiva mpya ya sauti, huna haja ya kusoma zaidi.

Event Viewer yenyewe ina makosa mekundu na ya njano hata kwenye kompyuta nzima kabisa. Matapeli wa simu wanajua hivyo. Hukupigia wakijifanya mafundi wa Microsoft, wakakuelekeza uifungue, wakakuonyesha wekundu ule kama ushahidi wa virusi, kisha wakaomba kuingia kwenye mashine yako. Microsoft haimpigii mtu simu kumwambia kompyuta yake ina virusi. Na lile kosa namba 41 la Kernel-Power ambalo wengi hulihangaikia halina siri: linasema tu kwamba mara iliyopita kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Umeme ukikatika unalipata. Ukishikilia kitufe unalipata. Chanzo halikitaji.

Kompyuta nzito

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa ovyo kuliko yote. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, ingia sehemu ya Performance, ubofye CPU (prosesa). Kabla ya kutazama grafu, tazama chini palipoandikwa Up time. Utakuta, kwa mfano, 19:04:12:37. Hizo ni siku kumi na tisa na saa nne bila kuanza upya, na mwenyewe ataapa kwamba huizima kila usiku.

Wala hasemi uongo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kitufe cha Shut down hakizimi kila kitu pale Fast Startup inapokuwa imewashwa, na kwa kawaida huwa imewashwa. Programu zako hufungwa, lakini kiini na draiva huandikwa kama zilivyo kwenye faili iitwayo hiberfil.sys, na ukiwasha kesho husomwa kutoka hapo ili mashine iwahi. Draiva iliyokwama Jumatatu huamka Jumanne ikiwa imekwama vile vile. Restart, kinyume na wengi wanavyodhani, ndiyo inayosafisha kila kitu na kuanza sifuri. Ndiyo maana fundi anapokwambia uiwashe upya, kuizima na kuiwasha si jambo lile lile. Ukitaka kuizima kabisa, shikilia Shift huku ukibofya Shut down. Ukitaka kuachana na mtindo huo moja kwa moja, uzime ndani ya Control Panel, sehemu ya Power Options, palipoandikwa Choose what the power buttons do. Kwenye kompyuta yenye SSD, diski isiyo na sehemu zinazosogea, hutaona tofauti kubwa ya muda wa kuwaka.

Sasa rudi kwenye grafu. Kipi kimefika juu: CPU, Memory, au Disk?

Disk ikiwa 100% huku kasi yake ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, watu hudhani Task Manager imekosea. Haijakosea. Asilimia hiyo hupima muda ambao diski ilikuwa na shughuli. Kiasi cha data ni hesabu nyingine. Diski ya HDD ina mkono unaosogea juu ya sahani inayozunguka, na ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika hutumia karibu muda wake wote kusogeza mkono. Windows ya sasa huomba hivyo bila kuchoka: inapekua virusi, inapanga faharasa ya utafutaji, inapakua masasisho. Kwa mashine ya HDD, dakika za kwanza baada ya kuwaka huwa hivyo na si ugonjwa. Tiba ya kweli ni kuhamia SSD, na kwa kompyuta ya miaka mingi hakuna badiliko jingine utakalolihisi kama hilo. Lakini kama muda wa kujibu, palipoandikwa Average response time, unaganda kwenye mamia au maelfu ya milisekunde hata mashine ikiwa haina kazi, au unasikia diski inagonga, acha habari ya wepesi. Diski inakufa, na kazi ya kwanza ni kunakili faili.

Memory ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kilichomo kwenye faili ya pagefile.sys iliyo kwenye diski, na kuanzia hapo kila unachobofya kinasubiri diski. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 kama kiwango cha chini. Kiwango hicho kinatosha kuiwasha. Ukifungua kivinjari chenye tabo nyingi utajua hakikukusudiwa kwa kazi. Funga usivyovitumia, punguza programu zinazojiwasha kwenye sehemu ya Startup apps, ongeza RAM kama ubao unaruhusu. Zile programu zinazodai kusafisha RAM huilazimisha tu Windows kusukumia vitu kwenye diski, namba ikaonekana imeshuka, kisha ikalazimika kuvirudisha.

CPU ikiwa juu, panga orodha kwa kubofya kichwa cha safu hiyo na uone nani yuko juu. System Idle Process ikionyesha 97 kwenye sehemu ya Details, usiiue na usiogope: hiyo ni asilimia ambayo prosesa haina la kufanya. Kuna hali nyingine isiyojulikana sana, CPU iko 100% lakini kasi iliyoandikwa ni ya chini mno, tuseme 0.79 GHz kwenye prosesa ambayo kasi yake ya msingi ni 2.40. Hapo prosesa imejizuia yenyewe, ama kwa joto kwa sababu feni imejaa vumbi, ama kwa sababu chaja iliyochomekwa haina nguvu ambazo kompyuta ya mapajani inazitarajia. Hakuna programu ya kusafisha itakayotibu vumbi.

Kuhusu hizo programu za kusafisha rejista, niseme wazi: usiweke. Rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows na programu zake, ina maelfu kwa maelfu ya vipengele, na mia chache vilivyobaki baada ya kuondoa programu havipunguzi kasi hata chembe. Kinachoweza kutokea ni kufuta kimoja kinachohitajika. Vivyo hivyo zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja.

Amri zinazonakiliwa bila kueleweka

sfc /scannow imegeuzwa jibu la kila swali. Kazi yake ni moja: hulinganisha faili za mfumo na nakala halali zilizo ndani ya folda ya WinSxS, na iliyoharibika huibadilisha. Hairekebishi draiva mbovu, wala programu yako, wala mtandao. Na ikiwa nakala zenyewe ndani ya WinSxS zimeharibika, itasema imekuta makosa ikashindwa kuyarekebisha. Ndiyo sababu inayotangulia ni DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo hutengeneza ghala hilo la nakala kwa kuvuta faili safi kutoka Windows Update. Kisha sfc ndiyo ifuate. Zote mbili ziendeshwe kwenye dirisha la amri (Command Prompt) lililofunguliwa kama msimamizi. Folda ya WinSxS nayo usiifute kwa mkono kwa tamaa ya nafasi. Ukubwa unaouona umezidishwa, maana faili nyingi humo zinahesabiwa mara mbili ilhali kwenye diski ziko mara moja.

chkdsk ndiyo ya kuogopwa kidogo. Bila nyongeza husoma tu. Ikiwekewa /f hurekebisha mpangilio wa faili. Ikiwekewa /r hupita diski nzima ikitafuta sekta mbovu. Kwa diski yenye afya iliyoathiriwa na umeme kukatika, ni chombo kizuri. Kwa diski inayokufa, kupita diski nzima kwa saa kadhaa kunaweza kuwa ndiyo kazi yake ya mwisho duniani. Nakili faili kwanza, kila mara.

Masasisho yanayokwama katikati hutatuliwa mara nyingi na vitu viwili visivyo na mbwembwe: nafasi ya kutosha kwenye C: na Restart ya kweli. Yakigoma bado, simamisha huduma kwa net stop wuauserv na net stop bits, badilisha jina la folda ya SoftwareDistribution iliyo ndani ya C:\Windows, kisha uziwashe tena kwa net start. Windows itaunda folda mpya na kupakua upya. Anayetumia Windows 10 ajue kwamba ukosefu wa masasisho ya kawaida si hitilafu: msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama.

Foleni ya printa iliyoganda hufuata mtindo huo huo. net stop spooler, futa kilichomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (yaliyomo, si folda yenyewe), net start spooler. Basi.

Mtandao

Kama simu iliyounganishwa na Wi-Fi ile ile nayo haipati intaneti, iache kompyuta, nenda kwenye ruta. Kama simu inapata, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tatizo liko kati yako na ruta, na intaneti haijahusika bado. Tenganisha, unganisha tena, au uandike ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Kama anwani ni ya kawaida, andika ping na anwani ya Default Gateway, ambayo ndiyo ruta. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Nayo ikijibu huku tovuti hazifunguki kwa majina, umebaki na mshukiwa mmoja, DNS, anayegeuza majina kuwa anwani: ipconfig /flushdns, na ikishindikana badilisha seva ya DNS kwenye mipangilio. Kumbuka kuna mitandao ya ofisi inayozuia ping makusudi, kwa hiyo kimya peke yake si hukumu.

Kuna moja linalowapotosha hata wazoefu. Kila tovuti salama inalalamika kuhusu cheti, kivinjari kinakutisha, nawe unadhani umedukuliwa. Tazama saa na tarehe pembeni mwa skrini kwanza. Vyeti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini iko miaka mitano nyuma huvikataa vyote. Tarehe ikirudi nyuma kila unapochomoa umeme, ni betri ya ubao mama, ile ya mviringo kama sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2032.

Ukifika kwenye Reset

Kuweka upya kuna ngazi. Reset this PC yenye chaguo la Keep my files huacha nyaraka zako lakini huondoa programu zote ulizoweka, jambo ambalo watu huligundua wamechelewa; andika orodha yake na funguo za leseni kabla. Remove everything husafisha vyote. Ngazi ya juu ni kuwasha kwa flashi iliyoandaliwa kwa Media Creation Tool ya Microsoft, kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, na kufuta sehemu zote za diski wakati wa kuweka. Kabla ya ngazi yoyote kati ya hizo hakikisha faili ziko mahali pengine na zinafunguka huko, na kwamba ufunguo wa BitLocker unao.

Ngazi hiyo ya flashi pia ni kipimo cha mwisho. Kama Windows safi, isiyo na programu yako hata moja, inaanguka kwa namna ile ile, au inashindwa kumaliza kuwekwa huku kila jaribio likikwamia sehemu tofauti, programu zote zimeshatoka kwenye orodha ya washukiwa. Waliobaki ni RAM, diski, ubao mama au umeme, na hao hupimwa kwa kubadilishwa kimoja kimoja. Kama huna vipuri vya kubadilishia, hapo ndipo pa kumpelekea fundi, pamoja na picha za misimbo na maelezo ya ulichokwisha kujaribu, ili asianze tena na sfc.